Sura ya Saba: Mgeni wa Siku Tatu

Tangu asubuhi ya kwanza Dira, kiongozi wa safari, alikuwa akimwita "mgeni," na mfamasia alilihesabu neno hilo kila lilipotoka. Mgeni, funga mkanda. Mgeni, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Mgeni, kung'uta viatu ndipo uvivae, nge wanapenda joto la soksi. Hakukuwa na ukali wowote katika sauti ya Dira. Laiti ungekuwepo, mfamasia angeshukuru, maana mtu hamkasirikii asiyemjali.

Miaka minne iliyopita, mwanamume huyu huyu alikuwa akimwita Daktari. Mfamasia alimweleza mara kumi kwamba yeye hakutibu mtu, kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya kaunta akisoma mwandiko mbaya wa madaktari, na Dira akamjibu kwamba anayeweza kusoma mwandiko huo anastahili cheo kikubwa kuliko wenyewe. Mfamasia alicheka hadi mbavu zikamuuma. Jina la Dira nalo lilikuwa la utani. Viongozi wenzake walimpa kwa sababu hakuwahi kupotea jangwani, hata upepo ulipofuta nyayo zote.

Kampuni yao ya safari za jangwani ilijisifu kwa jambo moja: haikuwa na safari ya kila mtu. Kila msafiri alitengenezewa yake, kama fundi anavyokata gauni kwa kipimo cha mwenyewe. Ulijaza fomu ya kurasa nne. Unaamka saa ngapi, unaogopa nini, unapenda mazungumzo au kimya, goti lipi linakusumbua. Mfamasia aliijaza saa ya chakula cha mchana, kaunta imefungwa, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana wa shule. Mahali palipoandikwa "maombi maalumu" aliandika nambari ya kibali cha Dira cha kuongoza wageni, kisha akaomba safari ile ile aliyoifanya miaka minne nyuma, njia ile ile, vituo vile vile. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na visanduku vya kutia alama. Kwa furaha aliyokuwa nayo alitia alama viwili vitatu bila hata kuvisoma vizuri, kimojawapo kikiwa "chai kwa familia ya jangwani."

Alitegemea nini? Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakuwa akijiambia. Alitegemea kwamba Dira atamwona, ataduwaa, na miaka minne itafutika kwa kutazamana mara moja.

Dira hakuduwaa. Alimpokea penye gari, akampa mkono, akamuuliza kama amefika salama, kisha akafungua fomu na kuisoma kwa sauti kipengele kwa kipengele ili kuhakikisha hakuna kosa. Alipofika penye "kiongozi yule yule" alisoma kama alivyosoma "hatumii sukari," akafunua ukurasa.

Basi akapewa alichoagiza. Gari lilisimama pale pale lami inapoishia, Dira akashuka kupunguza upepo wa magurudumu ili lisizame mchangani. Wakapanda tuta lile lile kwa mguu, akimwonyesha kukanyaga ukingoni juu, mahali mchanga unaposhikana. Akamwambia utani ule ule, neno kwa neno. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba alipofika mahali pa kucheka hakucheka. Alingoja kidogo, kwa adabu, mgeni acheke akitaka.

Siku ya pili, jua likiwa limeshika kasi, wakafika kwenye chai.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili vya matofali ya udongo, imesimama peke yake penye kisima. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mchangamfu, anayechechemea mguu wa kulia. Alimwita Dira mwanangu, na mfamasia naye mwanangu, na mfamasia hakuona ajabu, maana wazee ndivyo wanavyoita. Alipoamkiwa shikamoo aliitikia marahaba huku ameushika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili, na hakuuachia mpaka amemkalisha.

Wakanywa chai. Mazungumzo yakafika kwenye mguu, mguu ukaleta dawa, na mama akatoa pakiti mbili alizokuwa akimeza kila siku. Mfamasia alizisoma nyuma, akakunja uso.

"Mama, hizi zote mbili ni dawa moja. Viwanda viwili, majina mawili, ndani kitu kile kile. Unameza mara mbili ya kipimo."

"Ndiyo maana tumbo linaniwaka?"

"Ndiyo maana. Acha hii nyekundu kabisa, na hii nyingine umeze baada ya kula."

Mama akamtazama kwa muda, kisha akacheka. Akasema amekwisha kwenda kwa waganga wa kila aina na hakuna aliyegeuza pakiti kusoma nyuma. Akasema kweli mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Halafu, kama mama wote duniani, akauliza lile swali. Una mume? Mfamasia akajibu bado. Mama akataka kujua wanaume wa huko kwao wana macho ya kazi gani. Dira aliinuka, akaenda kukagua magurudumu aliyokwisha kuyakagua. Mfamasia alimwona, na moyo ukamruka kwa matumaini. Alidhani ni wivu.

Kwa hiyo alasiri, walipofika penye kivuli cha jabali, alikuwa amekwisha kukata shauri. Hapa ndipo Dira alipomwambia miaka minne iliyopita kwamba anataka kumwoa, akiwa ameshika birika mkononi, hata hakukumbuka kuliweka chini. Yeye akamjibu kwamba atakwenda kuzungumza na nyumbani, atarudi baada ya miezi miwili. Hakurudi, wala hakuandika.

"Mama yangu amekubali," alisema.

Dira alikuwa akikaza kamba ya turubai. "Amekubali nini?"

"Wewe."

Alimaliza fundo kwanza, akalijaribu kwa kulivuta. "Mpe hongera zangu."

Mfamasia akapiga moyo konde, akayamwaga yote. Akaeleza jinsi mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, alivyosema siku ile kwamba hakumsomesha mtu miaka kumi na saba ili aolewe na mfuata nyayo za ngamia. Jinsi mama huyo alivyokataa kula siku tatu. Jinsi wachumba walioletwa nyumbani baada ya hapo, mhasibu mmoja na daktari wa meno mmoja, walivyokuja na kuondoka, na yeye akiwapima wote kwa mtu mmoja tu. Mwezi uliopita mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, akamtazama binti wa miaka thelathini na minne aliyeacha kucheka, akasema, basi, kamlete huyo mtu wako wa mchanga.

"Sikuwahi kuacha kukupenda," alimalizia. "Hata siku moja."

Dira alikung'uta mikono yake. "Kaka yako wakili hajambo?"

Mfamasia alihisi baridi katikati ya joto lile. Katika safari ile ya kwanza hakumtaja kaka yake hata mara moja. Hakuwahi kumwambia Dira kwamba ni wakili.

"Barua ya malalamiko ilikuwa na nembo ya ofisi yake," Dira alisema. "Kurasa mbili. Nilisomewa nimesimama, mbele ya viongozi wenzangu wote. Kwamba nilitumia upweke wa mteja wao kumrubuni. Nikasema huyu si yeye, hawa ni ndugu zake. Nilikutetea sana, mgeni. Meneja akaniacha nimalize, kisha akafunua ukurasa wa pili akanionyesha saini."

"Walinilazimisha."

"Walikushika mkono?"

Hakuna aliyemshika mkono. Huo ndio ulikuwa ubaya wake. Ilikuwa siku ya mapumziko, mama analia jikoni, kaka ameweka karatasi na kalamu mezani katikati ya sahani. Hakuna ambaye angekula mpaka jambo lile liishe. Akatia saini upesi upesi ili watu wale chakula cha mchana kwa amani, na wakala. Yeye mwenyewe aliongeza wali.

"Kaka alisema barua kama zile huishia kwenye faili," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe akaona aibu. "Sikujua kama ilikufikia. Haki ya Mungu sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Dira akakaa chini, mbali naye kiasi cha mtu mzima kulala katikati yao. Kwa mara ya kwanza tangu waanze safari alizungumza kama mtu, si kama kazi, na mfamasia akatamani arudie kumwita mgeni. Alimwambia kibali chake kilichukuliwa miaka miwili. Akabeba mifuko ya saruji mjini, mchana kutwa, mpaka mabega yakaota sugu. Hilo, alisema, si neno, saruji haijamuua mtu mzima.

"Lakini baba yangu ndiye aliyeifungua njia hii. Viongozi wote hawa amewafundisha yeye. Na somo lake lilikuwa moja tu, mgeni ni amana. Humwibii, humwachi, humtamani. Barua yako ilipofika, hakunisemesha tena."

"Ungemweleza ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba sikukurubuni, ila nilikupenda nikiwa kazini? Kwa baba yangu hayo yalikuwa kosa moja. Mama ndiye aliyeniuliza. Nikamwambia ofisi imekosea, imenichanganya na kiongozi mwingine. Nilimdanganya mama yangu mzazi. Akalichukua neno hilo kama silaha. Baba akasema nambari ya kibali ni yangu, ofisi haijakosea. Mama akasema afadhali baba anayemwamini mwanawe kuliko karatasi. Wakagombana wazee wale, miaka thelathini na minane ya ndoa, mpaka wakatengana vyumba. Baba alifia chumba chake na mama akiwa chake, anamsikia akikohoa, anangoja aitwe. Hakumwita."

Mfamasia alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka bila sauti. Alipopata pumzi akasema, "Nipeleke kwa mama yako. Nimwombe radhi. Nipige magoti."

"Umekwisha kwenda. Umekunywa chai yake leo."

Upepo ulipeperusha pembe ya turubai, na Dira akaishika kwa mkono mmoja bila kuitazama.

"Kwa nini ulinipeleka?"

"Ulitia alama kwenye kisanduku. Ni nyumba pekee ya chai njia hii nzima, alianza kupokea wageni niliposimamishwa kazi. Ningekifuta, ningesema sababu gani ofisini?"

"Ungekataa kuniongoza kabisa."

"Kiongozi akikataa mgeni huitwa aeleze. Mimi nimekwisha kuitwa mara moja." Akamtazama usoni, na macho yale ambayo mfamasia aliyangoja siku mbili hatimaye yalikuwa yake, mekundu, yamechoka. "Na nilitaka nikuongoze siku tatu nzima usipate hata neno moja la kuandika."

"Mimi ninakupenda, Dira."

"Najua. Na mimi ningekuwa mwongo nikisema nimepona. Lakini siwezi kulala kitanda kimoja na mkono ule."

Mfamasia aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba haujui. Kisha akafuta uso na kusema lile lililokuwa likimpanda kooni: kesho, njiani kurudi, atamwambia mama kila kitu. Mama ajue mwanawe hakuwa mhuni. Ajue nani wa kulaumiwa.

"Usimwambie." Sauti ya Dira ilikatika hapo, kwa mara ya kwanza. "Nakuomba, Daktari. Mama amebakiwa na jambo moja tu la kumlaza usingizi, kwamba alimtetea mwanawe na alikuwa na haki. Mwachie hilo."

Alimwita Daktari. Miongoni mwa maneno yote aliyoambiwa jioni ile, mfamasia alilichukua hilo moja akaenda nalo kwenye hema lake. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Majuto ni mjukuu, tumeambiwa, lakini mjukuu wa mfamasia alikuwa msumbufu, alitaka kubebwa na kila mtu. Alijigeuza kitandani akijenga hoja. Mama yule ana moyo mkunjufu, amempenda. Akiambiwa ukweli atalia kidogo, atasamehe. Mama akisamehe, mwana atasalia na sababu gani? Kulipokucha alikuwa amejiaminisha kwamba anachotaka ni kusema kweli, na kwamba Dira hana nafasi katika hesabu hiyo. Watu wengi wema hujidanganya hivyo, kwa nia safi kabisa.

Asubuhi ya tatu gari lilisimama tena penye nyumba ya vyumba viwili, maana Dira alikuwa na madumu ya kumwachia mama yake. Mama alitoka nje na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na mfamasia ana bahati anaondoka kabla jembe halijatafutwa. Akasema tumbo leo limetulia. Akamshika tena mikono yote miwili.

"Mungu angenipa mkwe kama wewe," alisema, "ningefunga mdomo wangu mwaka mzima. Na mimi kufunga mdomo si kazi ndogo."

Mfamasia akapiga magoti.

Alisema yote kwa pumzi moja, asije akarudi nyuma. Kwamba ofisi haikukosea. Kwamba mgeni wa ile barua ni yeye. Kwamba barua ilisema uongo, mwanawe hakumrubuni mtu, alimpenda kwa heshima na akataka kumwoa, na yeye naye alimpenda, anampenda mpaka leo, aliogopa nyumbani kwao tu. Akaomba radhi kwa jina la Mungu. Nyuma yake alisikia dumu likiwekwa chini.

Mama alikuwa bado ameshika mkate. Hakumtazama aliyepiga magoti. Alimtazama mwanawe juu ya kichwa cha mfamasia.

"Ulimpenda mgeni?"

Uso wa Dira ulikuwa umesawijika.

"Ulimpenda ukiwa kazini? Njiani?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ukaniambia ofisi imekosea."

"Ndiyo, mama."

Yule mama alitikisa kichwa polepole, akikubali, kama mtu anayesikiliza msemaji mwingine ambaye wao wawili hawakumwona.

"Kumbe mzee alisema kweli," alisema.

Hakulia wala hakufoka. Mfamasia alikuwa amejitayarisha kwa vyote viwili, hata kwa kofi, na kofi lingekuwa nafuu. Mama aliinama kwa shida kwa sababu ya mguu, akaweka mkate mikononi mwa mfamasia, kwa kuwa ulikuwa umeokwa kwa ajili yake na mgeni haondoki mikono mitupu. Kisha akageuka, akachechemea ndani, akakipita chumba chake. Aliingia cha pili, kile cha mzee, akafunga mlango na kutia komeo.

Mfamasia aliinuka, akataka kumfuata.

"Kaa hapo hapo," Dira alisema.

Alifungua mlango wa gari, akachukua redio, akaiambia ofisi kwamba mgeni wake yuko kwenye nyumba ya chai na watume kiongozi mwingine amfikishe kwenye lami. Ofisi ikauliza kuna tatizo gani. Akajibu hakuna, akakata.

"Nilitaka tu ajue kweli," mfamasia alisema. "Dira, nilifikiri atasamehe. Nilifikiri akisamehe yeye..."

"Ulitaka kuutua mzigo," alisema. "Umeutua. Angalia umemtwisha nani."

Akampita, akaingia ndani. Mfamasia akabaki juani na mkate unaoendelea kumchoma viganja. Alimsikia Dira akibisha, taratibu kwanza, akiita mama, mama, nifungulie, kisha akibisha kwa nguvu zaidi. Alimsikia akikaa chini sakafuni, akaanza kuzungumza na ule mlango kwa sauti ya mtoto aliyevunja chombo cha watu. Kiongozi mwingine alichukua saa mbili kufika. Muda wote huo mlango haukufunguliwa.